Kabla hujamlipia mtoto tuisheni, yafungue madaftari yake

Kabla hujaulizia tuisheni nzuri hapa Tanga iko wapi, Ngamiani, Makorora au Chumbageni, keti na mtoto muyapitie madaftari yake ya shule. Wazazi wengi huanza na bango la barabarani, na wakati huohuo tatizo lenyewe limelala kwenye begi. Mtoto anayekosea hesabu za sehemu kwa sababu jedwali la kuzidisha halimkai kichwani anahitaji mtu wa kumrudisha nyuma. Tuisheni nyingi hukimbia mbele: zinaigusa mada kabla ya shule, mtoto anaonekana mjanja kwa wiki kadhaa, kisha mtihani unamkuta palepale alipokwama. Kwa hiyo ukienda kuonana na mwalimu, nenda na daftari, umwulize ataanzia wapi. Akikuambia wote wanaanza mada moja, jibu umelipata. Omba pia uone daftari la mtoto anayesoma hapo. Kama kurasa zimejaa noti na hakuna wino mwekundu, wanafundishwa kunakili.

Aliyemaliza darasa la saba Septemba ana shughuli nyingine kabisa, nayo ni lugha. Shule za msingi za serikali, nyingi zao, hufundisha kwa Kiswahili. Akiingia kidato cha kwanza Januari, hisabati, baiolojia na jiografia zote zinamjia kwa Kiingereza. Miezi hiyo ya kusubiri, vituo vingi huwakaririsha watoto noti za fizikia na kemia ili mzazi aone kazi inafanyika. Mimi ningechagua kile kinachomfanya aseme na kuandika Kiingereza kila siku, hata kama kemia hakijaigusa.

Uliza vitabu. Mtaala ulioboreshwa ulianza kutumika Januari 2024 na unaingia darasa kwa darasa, hivyo noti zilizodurufiwa miaka mitano iliyopita huenda zisimfae mwanao. Vitabu vya kiada viko bure kwenye maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, kwa hiyo mwalimu asiyekuwa navyo hana kisingizio kikubwa. Na ukikuta bango linajisifu kutoa "wa kwanza kitaifa" wa juzi tu, uliza kwa upole habari hizo zimetoka wapi: tangu matokeo ya kidato cha nne ya 2022, yaliyotangazwa Januari 2023, Baraza la Mitihani liliacha kutangaza wanafunzi bora.

Muda nao upige hesabu. Kwetu Tanga mtoto akitoka shule, wengi wana madrasa. Tuisheni ikibanwa baada ya hapo, anarudi magharibi imeshaingia, amechoka, na pengine yuko peke yake barabarani na baiskeli. Bora siku mbili za wiki na Jumamosi asubuhi kuliko kila siku akiwa anasinzia. Kama atapanda bajaji, mjue dereva. Chumba cha kusomea kiwe na mlango wazi na watu wanaopita karibu. Somo la mtoto mmoja na mwalimu mmoja ndani ya chumba kilichofungwa, likatae bila kuona haya.

Kuhusu fimbo, sema mapema. Hata shuleni, kwa kanuni, anayechapa au kuruhusu kuchapa ni mkuu wa shule, na viboko havizidi vinne. Mwalimu wa tuisheni hana mamlaka hayo.

Ada lipa ya wiki kwanza kama wanakubali, na udai risiti.

Liko moja ambalo wazazi hulinong'ona tu: mwalimu wa darasa anayeacha mada nusu asubuhi, kisha anaimalizia jioni kwa hela. Usihamishe mtoto wala usilipe kimyakimya. Ulizeni wazazi wenzenu wa darasa hilo, na mkikuta ni hivyo kwa wengi, mwendeeni mwalimu mkuu pamoja na madaftari mkononi. Asipowasikiliza, pelekeni kwenye kamati ya shule.