Somo: Kupata picha safi na sauti nzuri kwenye hom thieta ya zamani

Wadau, habari zenu. Kabla hujaitoa risiva yako ya zamani (kile kiboksi chenye amplifaya kinachoendesha spika za hom thieta) iende kwa fundi ikawe spea, soma hapa kwanza. Kilichopitwa na wakati kwenye mashine hizi ni upande wa picha tu. Amplifaya na spika bado zina nguvu zake, na zinaziacha mbali zile spika nyembamba zilizobanwa nyuma ya TV za kisasa. Ndiyo maana somo zima linafuata kanuni moja: picha iende moja kwa moja kwenye TV, risiva ibaki na kazi ya sauti.

Hatua ya 1: Zima vyote na chomoa kwenye umeme. Piga picha ya waya za nyuma kwa simu kabla ya kuchomoa hata mmoja.

Hatua ya 2: Badilisha njia ya picha. Kama deki yako imeungwa kwa waya wa njano, hapo ndipo ubora unapopotelea. Waya huo unabeba mwanga na rangi kwa pamoja, ndiyo maana maandishi mekundu yanaonekana yamevuja pembeni. Deki ikiwa na matundu matatu ya kijani, bluu na nyekundu ya picha, tumia hayo. Usichanganye nyekundu hiyo na nyekundu ya sauti. Ikiwa na HDMI, iunge kwenye TV, usiipitishe kwenye risiva. HDMI toleo 1.4 la mwaka 2009 linaishia fremu 30 kwa sekunde kwenye 4K (picha kali ya TV za kisasa), kwa hiyo risiva ya enzi hizo itaibana picha ya kifaa kipya.

Hatua ya 3: Rudisha sauti kutoka TV hadi risiva. Angalia kama HDMI ya risiva imeandikwa ARC, yaani tundu linaloweza kupokea sauti kutoka TV; ikiwepo, iunge na HDMI ya TV iliyoandikwa ARC. Kama haipo, tumia waya wa mwanga, ule wa tundu dogo la mraba. Unabeba Dolby Digital ya 5.1, yaani sauti ya spika tano na sabufa, bila shida. Waya mpya huja na vifuniko vidogo vya plastiki kwenye ncha, vitoe. Chomeka upande wa TV, iwashe, kisha tazama ncha ya pili: ukiona mwanga mwekundu, njia iko wazi. Usiukunje waya huu kwa pembe kali.

Sasa ingia kwenye menyu ya sauti ya TV. Ukikuta imewekwa PCM, risiva itapata sauti ya spika mbili tu. Weka Bitstream, Auto au Dolby Digital. Watu wengi wanadhani spika za nyuma zimekufa kumbe ni mpangilio huu.

Hatua ya 4: Waya za spika. Naomba msiiruke hii, maana haina gharama na matokeo yake unayasikia hapo hapo. Shaba iliyokaa miaka mingi inabadilika rangi na kuwa nyeusi au kijani. Kata ncha hiyo, chubua kama sentimita moja mpaka uone shaba inayong'aa, isokote vizuri, kisha ibane. Kusiwe na unywele hata mmoja wa shaba unaogusa tundu la jirani, utaunguza amplifaya.

Hakikisha chanya iko kwa chanya na hasi kwa hasi pande zote mbili. Spika moja ya mbele ikigeuzwa, besi inapotea na sauti haieleweki inatokea wapi. Kama alama zimefutika, chomoa waya upande wa risiva, kisha gusisha betri ndogo ya 1.5 V kwenye ncha zake, mguso mmoja tu. Koni (ile sehemu ya spika inayotikisika) ikisukumwa nje, waya uliogusa chanya ya betri ndio chanya ya spika.

Hatua ya 5: Zipange spika. Mbili za mbele na kiti chako zifanye pembetatu ya pande sawa. Ya katikati ielekee masikioni, siyo magotini. Za nyuma zikae ubavuni, zikirudi nyuma yako kidogo. Pima umbali wa kila spika hadi kitini na uuingize kwenye menyu ya risiva. Spika ndogo ziwekwe Small na mgawanyo wa besi uwe 80 Hz, ili sabufa ibebe uzito wote wa chini.

Kuhusu sabufa, iweke kwanza pale unapokaa, piga wimbo wenye besi, kisha tembea chumbani umeinama karibu na sakafu. Utakaposikia besi imejaa bila kuvuma, hapo ndipo mahali pake.

Hatua ya 6: Mipangilio ya TV. Chagua Movie au Cinema. Punguza Sharpness, maana ikizidi inachora mistari myeupe kwenye kingo. Zima kile kinacholainisha mwendo wa picha.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, nikiongeza sauti nisikie maneno, milio ya risasi inatikisa nyumba nzima. Nifanyeje?*
Pandisha spika ya katikati peke yake, dB 2 au 3, maana maneno mengi ya filamu yanatokea hapo. Usiku washa Night Mode kwenye risiva: inashusha makelele na kuinua sauti ndogo.

*Sabufa inatoa mvumo hata kama hakuna kinachopigwa.*
Chomoa waya wa antena kwenye TV au king'amuzi. Mvumo ukikoma, chanzo ni mzunguko wa umeme wa ardhi kati ya vifaa. Unga sauti kwa waya wa mwanga, haupitishi umeme, na vifaa vyote vichomekwe kwenye ekstensheni moja.

*Kaka, mdomo unachelewa, sauti inatangulia.*
TV inatumia muda kuchakata picha. Tafuta Audio Delay au Lip Sync kwenye risiva, ongeza kidogo kidogo huku ukimtazama mtu anayeongea.

*Kitufe cha sauti kinakwaruza nikikizungusha, na sponji ya koni imelika. Ndiyo mwisho wake?*
Hapana dada. Kitufe kinahitaji spreyi ya kusafishia kontakti. Chomoa umeme, fundi apulize ndani yake, kisha kizungushwe mwanzo hadi mwisho mara nyingi. Usifungue risiva mwenyewe, kapasita zinabaki na chaji hata baada ya kuchomoa. Sponji nayo hubadilishwa peke yake. Pima kipenyo cha koni kabla ya kuagiza, na usiipige spika hiyo kwa nguvu mpaka ipone.