SOMO: Kuchavusha tarumbeta la malaika kwa mkono, na kupima ua la mche mpya

Namna ya kuchavusha tarumbeta la malaika kwa mkono, na kujua kama mche uliopatikana una jipya: swali hili nimelijibu faraghani mara nyingi mno. Naliandika hapa mara moja, na kuanzia leo anayeuliza nitamwelekeza huku.

Nalima tarumbeta la malaika (Brugmansia) hapa Lushoto, huu mwaka wa tisa. Msichanganye na mnanaha. Mnanaha, yaani Datura, ua lake hutazama juu na tunda lake lina miiba. Tarumbeta ni mti, maua yananing'inia, tunda ni laini. Asili yake ni Amerika ya Kusini.

Kabla ya lolote: mmea wote ni sumu, mzizi hadi mbegu. Una skopolamini, hiosiamini na atropini. Vaa glavu, nawa kwa sabuni, usijiguse jicho. Utomvu ukiingia jichoni mboni hupanuka, na unaweza kukaa siku kadhaa huoni maandishi ya karibu. Watoto na mbuzi wakae mbali.

Hatua ya 1. Chagua mama (atakayebeba tunda) na baba (atakayetoa chavua, yaani unga wa ua), mimea miwili tofauti kweli. Vipandikizi viwili vya mti mmoja ni mti uleule.

Hatua ya 2. Jioni ua la baba likifunguka, chomoa machavulio yake (vile vijiti vinavyobeba chavua), yaweke kwenye kichupa kikavu. Ukitaka kuyatunza, yatie friji pamoja na kile kipakiti cha chembechembe kinachokuja ndani ya boksi la viatu.

Hatua ya 3. Fungua tumba la mama KABLA halijafunguka lenyewe. Hapa someni polepole.

Msimu wangu wa pili nilingoja ua la mama lifunguke saa 12 jioni, nikala chakula, nikarudi na tochi kulichavusha. Asubuhi nikakuta vumbi la kijivu limeganda kwenye ukingo wa ndani wa ua. Yalikuwa magamba ya bawa la nondo, wale wakubwa wenye mrija mrefu wanaokuja giza likiingia na harufu ikipanda. Nikapuuza. Tunda likashika, mbegu zikaota, nikalea miche 38 kwa zaidi ya mwaka mzima. Mama alikuwa wa njano, baba mweupe. Miche karibu yote ikachanua waridi, rangi ya mti wa jirani chini ya mteremko. Nondo alinitangulia, na kazi yote ile sikuweza kuiandikia baba.

Basi fanya hivi. Alasiri, tafuta tumba lililovimba, lenye rangi tayari, lakini ncha zake bado zimesokotana. Lichane kwa wembe kwa urefu, upande mmoja, taratibu. Stigma (ncha ya kike inayopokea chavua) iko ndani karibu na mdomo, ukikandamiza utaikata. Utaona machavulio yamesimama pamoja. Yatoe kwa kibano na uyahesabu: ni matano. Ukipata manne, la tano limejificha, litafute. Ukikuta yameshapasuka na unga umetoka, liache tumba hilo, nenda lingine. Paka chavua ya baba kwenye stigma hadi uione imefunikwa. Kisha kata kipande cha mrija wa soda kama sentimita 4, kunja ncha moja, uivishe stigma kama kofia. Usifunge ua zima kwa mfuko wa nailoni, umande utaliozesha. Futa kibano kwa spiriti kila unapohama ua, kwa ajili ya chavua na kwa ajili ya virusi pia.

Hatua ya 4. Lebo: mama kwanza, alama ya ×, baba, tarehe. Kwa penseli. Wino haumalizi masika.

Hatua ya 5. Ua litaanguka. Kikonyo kikibaki kijani baada ya wiki 2, tunda limeshika. Kwangu huchukua miezi 4 hadi 6, na wakati mwingine zaidi. Ngoja kikonyo kigeuke njano.

Hatua ya 6. Mbegu zina ganda kama gamba la kizibo. Loweka usiku mmoja, menya, panda juujuu. Wiki 2 hadi 4 zinaota.

Hatua ya 7. Mche hupanda kwa shina moja, kisha hugawanyika kama herufi Y. Maua hutokea kuanzia hapo kwenda juu. Usikate ncha kabla ya hapo.

Hatua ya 8. Kupima. Ua la kwanza halihesabiki. Mara nyingi ni dogo, ncha fupi, rangi imefifia. Mimi nangoja mikupuo mitatu ya maua, na mmoja kati yake uwe wa miezi ya baridi, kwa sababu waridi hukolea kwenye baridi na hupauka kwenye joto. Andika rangi ya siku ya kwanza na ya siku ya tatu. Mengi hufunguka meupe kisha yakageuka. Likunje kidogo kwa vidole: nyama ya ua ni nene, au linalegea kabla ya saa 4 asubuhi? Linusie usiku, si mchana. Kisha chuma ua la mche na la mama, ulaze yote mawili mezani. Kama huoni tofauti ukiwa umbali wa hatua tatu, mche huo hauna jipya. Mwaka juzi nilibakiza 2 kati ya 30, na inauma kila mara.

MASWALI

Sele_Tanga: Mkuu naomba mbegu. Inachukua muda gani hadi maua?

Jibu: Muda wa tunda uko Hatua ya 5. Mche hadi ua, kwangu miezi 9 hadi 14. Mbegu sigawi kwa mtu ambaye hajasoma aya ya sumu.

Mama Neema, Njombe: Shikamoo mwalimu. Nina uzio wa tarumbeta kuzunguka nyumba nzima, miaka 12, sijawahi kuona tunda hata moja. Nondo wapo. Shida nini?

Jibu: Marahaba mama. Uzio huo bila shaka ulipandwa kwa vipandikizi, na vyote vimetoka mti mmoja. Spishi nyingi za tarumbeta hukataa chavua yake yenyewe. Miti mia ya kipandikizi kimoja ni mti mmoja, nondo anazunguka bure. Ukipata mti mmoja tu wa rangi nyingine utaona matunda.

Bustani_Limuru: Sasa kama hujikataa, kwa nini tutoe machavulio?

Jibu: Swali zuri sana. Kwanza, si spishi zote: B. (yaani Brugmansia) arborea hujikubali. Pili, chotara wa damu nyingi hawaaminiki, wengine hulegeza kukataa. Tatu, chavua yake ikijaa kwenye stigma, ile ya baba haipati nafasi.

Kijana_Wa_Mtaa: Nasikia ukichemsha majani unapata ndoto za ajabu, kipimo ni kipi?

Jibu: Hakuna kipimo. Kiasi cha sumu hutofautiana jani kwa jani, na watu wamekufa. Msimamizi, naomba ufute.

Rehema_Iringa: Nimeona picha ya nyekundu, B. sanguinea. Naweza kuichanganya na njano yangu?

Jibu: Dada, zipo koo mbili. Sanguinea, arborea na vulcanicola ni za baridi ya Andes. Aurea, suaveolens na versicolor ni za joto. Ndani ya ukoo huchanganyika vizuri, kuvuka koo hakujatupa kitu. Na nyekundu haina harufu kwa kuwa kwao huchavushwa mchana na ndege wavumaji, wanaofuata rangi.

Sele_Tanga: Nimesoma yote. Mche wangu umechanua jana, waridi ya ajabu! Niupe jina gani?

Jibu: Hujasoma Hatua ya 8.

Sele_Tanga: Sawa, nimerudia. Nangoja. Ila huku joto majani yanalegea mchana na yana utando chini.

Jibu: Asante kwa kurudia. Kulegea mchana ni kiu, mwagilia asubuhi na jioni. Utando ni utitiri: piga maji kwa nguvu chini ya majani, siku 3 mfululizo, kisha maji ya sabuni. Mbegu nitakutumia.

Mama Neema, Njombe: Na mimi nikitaka kipandikizi cha njano, nikate wapi?

Jibu: Juu ya Y, mama, kitachanua mapema na kitabaki kifupi. Utakitambua kwa jani: juu ya Y pande mbili za kitako cha jani hazilingani. Acha majani mawili, funga kwenye gazeti lenye unyevu. Mabaki yachome au yafukie mbali na mto; kipande kikitua kwenye tope huota, na bondeni kwetu yameshaziba njia ya maji.