Somo: Isome mita yako kabla hujabishana na bili ya maji

Somo hili linamhusu mteja wa nyumbani anayehudumiwa na mamlaka ya maji ya umma Tanzania Bara, iwe DAWASA kwa Dar es Salaam na Pwani, MWAUWASA kwa Mwanza, AUWSA kwa Arusha, DUWASA kwa Dodoma au mamlaka ya mji mwingine. Zote zinafanya kazi chini ya Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira Namba 5 ya mwaka 2019, na zote zinadhibitiwa na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji, ndiyo maana taratibu zake zinafanana hata pale ambapo fomu na bei zinatofautiana. Wenzetu wa Zanzibar wanahudumiwa na ZAWA na wana mdhibiti wao, ZURA. Mambo ya mita yatawafaa, lakini njia yao ya malalamiko ni nyingine.

Kwa miaka niliyokaa kwenye kamati ya mtaa wetu nimewapokea majirani wengi waliokuja na bili mkononi na machozi karibu, na karibu wote walikuwa hawajawahi kufunua kifuniko cha mita zao. Mteja anakwenda ofisini na uchungu wake, ofisi inamjibu kwa namba, na yeye hana namba ya kurudisha. Ndiyo maana sehemu kubwa ya somo hili nimeiweka kwenye mita.

Hatua ya kwanza: kuunganishiwa maji

Chukua fomu ya maombi katika ofisi ya mamlaka iliyo karibu nawe, au ijaze mtandaoni pale huduma hiyo ipo. Kwa kawaida utaombwa nakala ya kitambulisho, uthibitisho wa umiliki wa eneo, na mara nyingi barua ya serikali ya mtaa. Fundi wa mamlaka atakuja kupima umbali kutoka bomba la mtaani hadi kwako, kisha utapewa makadirio ya gharama kwa maandishi. Yasome kipengele kwa kipengele: urefu wa bomba, ukubwa wake, viungio, koki, na kazi ya kuchimba mtaro. Kama vipimo havilingani na ulichokiona fundi akipima, uliza kabla hujalipa. Mtu yeyote anayekuahidi kukuunganisha upesi bila karatasi hizo anakuingiza kwenye wizi wa maji, na siku laini hiyo ikigundulika, atakayeshtakiwa ni mwenye nyumba.

Hatua ya pili: kusoma mita

Mita, au dira kama inavyoitwa kwenye bili nyingi, huhesabu maji kwa mita za ujazo. Uniti moja ni mita moja ya ujazo, nayo ni lita 1,000, yaani ndoo 50 za lita 20, au tenki moja dogo la lita 1,000 lililojaa. Ukiishika hesabu hiyo ya ndoo 50, bili inaacha kuwa fumbo, kwa sababu kila mama wa nyumba anajua ndoo ngapi zinatumika kwake kwa siku.

Kwenye mita nyingi za majumbani utaona tarakimu nyeusi na tarakimu nyekundu, au mshale mdogo mwekundu. Nyeusi ndizo uniti kamili, na ndizo msoma mita anazoziandika. Nyekundu ni vipande vya uniti, yaani lita. Kwa hiyo mita inayoonyesha 0431 kwa weusi na 250 kwa wekundu imepitisha uniti 431 na lita 250 tangu ilipofungwa. Pembeni kuna kinyota au kigurudumu kidogo ambacho huzunguka hata maji yakipita kidogo sana, kikumbuke, tutakirudia.

Andika usomaji wako kwenye daftari kila tarehe moja ya mwezi, na tena siku ambayo msoma mita anapita. Piga picha kwa simu ikionyesha tarakimu pamoja na namba ya mita iliyochongwa kwenye kasha, kwa sababu picha isiyo na namba ya mita inaweza kuwa ya mita ya mtu yeyote. Kazi hiyo haizidi dakika mbili, na sijaona ushahidi wenye nguvu kuuzidi katika mgogoro wa bili.

Ukishuku kwamba mita inakimbia, ipime. Funga matumizi yote ya nyumba, andika tarakimu nyekundu, kisha jaza ndoo tano za lita 20 ambazo umezihakiki. Mita inapaswa kusogea lita 100, yaani sehemu ya kumi ya uniti. Tofauti ya lita mbili tatu si ushahidi, kwa sababu ndoo zenyewe hazilingani. Lakini ikisogea lita 130 na ukirudia ikasogea hivyo hivyo, una sababu ya kuomba mita ipelekwe kupimwa. Hakikisha tu kwamba unajaza kutoka bomba linalotoka moja kwa moja kwenye mita. Ukijaza kutoka tenki la juu, mita haitasogea sawasawa na ndoo zako, kwa kuwa boya la tenki hufungulia maji kwa wakati wake.

Hatua ya tatu: kulinganisha bili na daftari

Kwenye bili tafuta usomaji uliopita na usomaji wa sasa. Ukitoa wa kwanza kwenye wa pili unapata uniti ulizotumia. Kwa mfano, usomaji uliopita ukiwa 412 na wa sasa 431, umetumia uniti 19. Zidisha kwa bei ya uniti iliyoandikwa kwenye bili. Kisha angalia mambo mawili ambayo wengi huyaruka: kama kuna deni la nyuma lililojumlishwa, na kama usomaji ni halisi au umekadiriwa. Bili iliyokadiriwa hujisahihisha msomaji anapofika kweli, lakini ikiwa imekadiriwa juu mno utakuwa umetanguliza fedha ambazo ungezihitaji nyumbani. Bei yenyewe mamlaka haijipangii peke yake. Hupeleka maombi EWURA, na wananchi huitwa kwenye mkutano wa kutoa maoni. Mikutano hiyo huhudhuriwa na watu wachache mno kwa uzito wake.

Hatua ya nne: kutafuta uvujaji

Bomba lililo kabla ya mita ni mzigo wa mamlaka, na lililo baada ya mita ni lako. Uvujaji wa lita moja tu kwa dakika, ambao chini ya sakafu hausikiki, ni lita 1,440 kwa siku, na kwa siku 30 ni uniti 43 na ushei. Familia inaweza kulipa maji ya nyumba tatu bila kuona tone chini.

Jaribio ni jepesi. Usiku, watu wakiwa wamelala na tenki likiwa limejaa, funga koki zote za matumizi, kisha mulika mita kwa tochi. Kinyota kikizunguka, maji yanakwenda mahali. Funga koki ya kuingilia tenki. Kikisimama, tatizo ni boya la tenki au kinachopokea maji kutoka kwenye tenki, na mara nyingi ni tangi la choo linalopitisha maji kimyakimya. Kikiendelea, kagua bomba la ardhini kati ya mita na nyumba, na utafute mahali ambapo majani yamestawi wakati wa kiangazi. Mimi mwenyewe niliwahi kupokea bili ya uniti 61 kwa mwezi ambao nyumba ilikuwa karibu tupu. Nilikwenda ofisini nikalalamika kwa sauti, kumbe bomba lilikuwa limepasuliwa na mizizi ya mwembe hatua nne kutoka kwenye mita. Niliwarudia wale vijana wa dawati nikawaomba radhi.

Hatua ya tano: kulipa

Lipa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, ile yenye tarakimu 12 ambayo wengi tunaiita kontroli namba, kupitia benki, wakala au simu. Usimpe msoma mita wala fundi fedha taslimu, hata akiwa na kitambulisho. Hifadhi ujumbe wa malipo mpaka bili inayofuata ionyeshe kuwa malipo yamepokelewa.

Hatua ya sita: kulalamika kwa utaratibu

Anza kwenye mamlaka yenyewe. Andika barua fupi yenye namba ya akaunti, namba ya mita, usomaji wako na tarehe zake, picha, na unachokiomba. Maneno "bili ni kubwa" hayatoshi. Andika "mita inasoma 431 na bili yangu imeandika 481, naomba msomaji arudi". Dai namba ya lalamiko, na uombe pia nakala ya mkataba wa huduma kwa wateja, kwa sababu ndani yake mamlaka imejifunga yenyewe kuhusu muda wa kuunganisha, kutengeneza na kujibu. Usiporidhika, peleka lalamiko EWURA pamoja na nakala za ulichoandikiana na mamlaka. Ukihitaji wa kukusaidia kulipanga, lipo baraza la watumiaji wa huduma, EWURA CCC, ambalo kazi yake ni kumsemea mtumiaji. Asiyeridhika na uamuzi wa EWURA anaweza kukata rufaa Baraza la Ushindani.

Maswali na majibu

Swali: Shikamoo mzee. Tupo wapangaji wanne kwenye mita moja na kila mwezi tunagombana. Mwenye nyumba anasema tugawane sawa, lakini mwenzetu mmoja anafulia watu nguo.

Jibu: Marahaba, mwanangu. Mamlaka inamtambua mwenye akaunti peke yake, kwa hiyo haitawagawia. Mwombeni mwenye nyumba aruhusu mita ndogo kwa kila chumba. Gharama yake mnaweza kuikata kwenye kodi mkikubaliana kwa maandishi. Mita ndogo zote zikijumlishwa zikapungua sana kuliko mita kuu, kuna uvujaji kati yake.

Swali: Huku kwetu maji ni ya mgawo. Yakirudi, bomba linapuliza upepo na mita inazunguka kwa kasi. Je, tunalipia upepo?

Jibu: Inawezekana, ndugu yangu, kwa sababu hewa inayosukumwa huzungusha mita nyingi za kawaida. Siku ya mgawo acha koki yako ya mita imefungwa, uifungue polepole baada ya maji kufika kwa majirani. Rekodi video ya mita ikizunguka bila maji, kisha muiombe mamlaka kwa pamoja ifunge valvu ya kutoa hewa kwenye laini ya mtaa. Barua ya kaya ishirini husomwa upesi kuliko ya mtu mmoja.

Swali: Nimenunua nyumba, nikakuta deni la maji la mmiliki wa zamani. Nafanyaje?

Jibu: Mamlaka hulifuata deni kwenye akaunti, kwa hiyo peleka hati ya mauziano yenye tarehe pamoja na usomaji wa mita siku uliyokabidhiwa funguo, uombe akaunti ihamishwe na deni litenganishwe. Anayenunua sasa na adai bili ya mwisho iliyolipwa kabla hajatia saini.

Swali: Mama wa watoto watatu hapa. Maji yakitoka ni meupe kama maziwa, naogopa kuwanywesha.

Jibu: Mama, jaza bilauri ya kioo uiweke mezani. Weupe ukianza kuondoka kutoka chini kwenda juu na maji yakawa angavu ndani ya dakika chache, hiyo ni hewa na haina madhara. Ukibaki, au maji yakiwa ya kahawia, yaache yatoke kidogo. Yasipobadilika, usiyanywe, chukua kidogo kwenye chupa safi na utoe taarifa mamlaka siku hiyo hiyo. Kwa watoto wadogo endelea kuchemsha.

Swali: Sisi wa kijijini hatuna mamlaka ya mji. Tunalalamika kwa nani?

Jibu: Vijijini msimamizi ni RUWASA, wakala wa maji na usafi wa mazingira vijijini, iliyoanza kazi Julai 2019, na anayewauzia maji ni chombo cha watoa huduma ngazi ya jamii. Anzeni kwa viongozi wa chombo hicho, mkidai mapato na matumizi yasomwe kwenye mkutano. Wasiposikia, nendeni kwa meneja wa RUWASA wa wilaya mkiwa na muhtasari wa mkutano uliosainiwa.