Kuotesha nyasi bahari kwenye tangi: mchanga kwanza, majani baadaye

Nyasi bahari si mwani. Mwani hujishikiza kwenye jiwe na kufyonza chakula kwa mwili wake wote, ilhali nyasi bahari ni mmea wa maua kamili: una mizizi, una shina linalotambaa chini ya mchanga, na hutoa maua na matunda humohumo majini. Ndiyo maana anayezitunza kama mwani, kwa kuangalia taa na maji tu, hushangaa majani yanapong'oka yenyewe baada ya mwezi mmoja. Kilichoua mmea kilikuwa chini, mahali asipopatazama.

Hapa tunashughulika na Thalassia hemprichii, aina inayoota kuanzia Bahari ya Shamu na pwani ya Afrika Mashariki hadi magharibi ya Pasifiki. Utaitambua kwa majani bapa kama utepe, yaliyopinda kidogo kama mundu, yenye vistari vidogo vya rangi ya kahawia ukiyaelekeza kwenye mwanga. Shina lake tambazi ni nene, lina makovu ya pembetatu yaliyoachwa na majani ya zamani. Ni mmea wa mtu mwenye subira: shina husogea wastani wa nusu mita hivi kwa mwaka. Mwenye haraka aanze na Halophila ovalis, yenye vijani vya mviringo viwiliviwili, ambayo hutambaa mara kadhaa zaidi ya hapo na kuridhika na mwanga mdogo. Ya katikati ni Halodule uninervis, yenye majani membamba na ncha ya meno matatu. Mara nyingi ni busara kupanda mojawapo ya hizi mbili kwanza ili mizizi yake iuzoeze mchanga, kisha kuingiza Thalassia miezi michache baadaye.

Tangi na mchanga

Tangi liwe na kina cha sentimita 50 hadi 60. Majani ya Thalassia yanaweza kufika sentimita 30 au 40, na mchanga wenyewe utakula sentimita 15. Usipunguze kina hicho cha mchanga; sentimita 5 hadi 8 zinaitosha Halophila, lakini Thalassia hujinyonga humo. Piga hesabu ya uzito kabla ya kumwaga chochote: tangi la sentimita 100 kwa 50 lenye mchanga wa sentimita 15 linahitaji lita 75 za mchanga, yaani zaidi ya kilo 110 ungali mkavu. Ukijumlisha maji na kioo unakaribia kilo 400. Meza ya kawaida haihimili.

Tumia mchanga laini wa chokaa, chembe za milimita 0.2 hadi 2 zikiwa zimechanganyika. Changarawe haifai kwa sababu maji hupita kwa kasi na mizizi haishiki. Unga mtupu nao hujibana hadi maji yasipenye. Mchanga wa chokaa una tabia mbili ambazo lazima uzijue. Kwanza, hushika fosfeti, hivyo mmea unaweza kukaa na njaa hata kama kipimo cha maji kinaonyesha fosfeti ipo. Pili, una chuma kidogo, na chuma ndicho kinachonasa sumu ya salfaidi.

Hapo ndipo penye siri ya kazi nzima. Chini ya sentimita chache mchanga hauna oksijeni, na bakteria wa huko hutoa hidrojeni salfaidi, ile gesi inayonuka kama yai viza. Mchana mmea hutengeneza oksijeni na kuisukuma hadi kwenye mizizi, nayo huivunja sumu hiyo kabla haijaingia. Usiku mmea hutegemea oksijeni iliyomo ndani ya maji. Ikipungua, salfaidi hupanda kupitia mizizi hadi kwenye kitako cha majani, ambako ndiko mmea unakokua, na kukiua. Kwa hiyo mambo mawili hayana mjadala: maji yazunguke usiku kucha, na mchanga usirundikiwe uchafu unaooza.

Ili kuongeza chuma, changanya udongo mwekundu wa mfinyanzi usio na mbolea wala dawa katika tabaka la chini pekee, sehemu 1 kwa sehemu 20 za mchanga. Juu yake weka mchanga mtupu wa sentimita 8 au zaidi, la sivyo kila ukichimba maji yatageuka chai. Mwisho nyunyiza vikombe viwili au vitatu vya mchanga hai kutoka tangi la bahari lenye afya, ili minyoo na bakteria wapate mbegu. Acha tangi likae wiki 4 hadi 8 likiwa na maji na pampu, hadi amonia na nitriti zisome sifuri. Amonia ni sumu kwa nyasi bahari, hata kama kwa mimea ya nchi kavu ni mbolea.

Maji, mwanga na mwendo

Chumvi iwe gramu 33 hadi 35 kwa kilo ya maji, joto nyuzi 25 hadi 29 za Selsiasi, pH 8.0 hadi 8.3. Nitrati usiifikishe sifuri. Miligramu 2 hadi 10 kwa lita ni sawa, na fosfeti 0.03 hadi 0.1. Mashine ya povu (ile inayotoa uchafu majini kwa viputo vya hewa) inayokamua maji hadi yakawa masafi kupindukia itaziacha nyasi na njaa. Iendeshe saa chache tu, au uiache kabisa kama samaki ni wachache. Mchana pH hupanda kwa sababu mmea unavuta kaboni kwenye maji, nayo hushuka usiku. Tofauti ya 0.2 au 0.3 si ugonjwa. Ikipita 8.6 mchana, ongeza mchanganyiko wa hewa juu ya maji.

Kwa mwanga usibahatishe. Pima kwenye kimo cha majani, si juu ya maji: maikromoli (kipimo cha mwanga unaotumiwa na mimea) 200 hadi 350 kwa mita ya mraba kwa sekunde, saa 10 hadi 12 kwa siku. Halophila huishi hata kwa 80 au 100. Mmea uliotoka kivulini ukiwekwa moja kwa moja chini ya taa kali hubabuka. Anza na nusu ya nguvu na uongeze kidogokidogo kwa wiki tatu.

Mwendo wa maji uyayumbishe majani bila kuyalaza. Ukiona mchanga unachimbika kwenye vitako vya mimea, pampu ni kali mno. Ukiona vumbi limetulia juu ya majani, ni dhaifu.

Kupata vipande na kuvipanda

Katika nchi nyingi kung'oa nyasi bahari kunahitaji kibali, na sababu ipo: tundu moja kwenye shamba la Thalassia linaweza kuchukua miaka kuziba. Njia isiyoumiza ni kukusanya vipande vilivyong'olewa na mawimbi baada ya dhoruba, lakini hata kwa hivyo uliza sheria kwanza. Njia bora zaidi ni kupewa na mtu ambaye tangi lake limejaa.

Kipande kizuri kina shina tambazi la sentimita 15 hadi 20, machipukizi 3 hadi 5 yenye majani, mizizi, na juu ya yote ncha ya kukua, ile nyeupe iliyochongoka mwishoni mwa shina. Kipande kisicho na ncha huweza kuishi, lakini hukaa palepale kwa miezi. Chipukizi moja lililokatwa peke yake karibu kila mara hufa. Bonyeza shina kwa vidole: zima ni gumu, jeupe hadi kahawia hafifu, bovu ni jeusi, laini na linanuka. Kata sehemu bovu zote kwa wembe safi.

Wakati wa kusafirisha, vipande vikae ndani ya maji ya bahari, kivulini, visikauke hata dakika kumi. Usivisuuze kwa maji baridi yasiyo na chumvi ili kuua wadudu. Utaua mizizi pia. Vitikise ndani ya ndoo ya maji ya chumvi, kisha kagua jani kwa jani uondoe kaa wadogo na mayai ya konokono usiowajua.

Kupanda kwenyewe ni hivi. Punguza majani marefu hadi sentimita 10 au 12 ili maji yasiyavute. Hakuna hasara, kwa kuwa jani la nyasi bahari hukua kutoka kitakoni. Chimba mfereji kwa vidole wenye kina cha sentimita 4 au 5, laza shina humo kwa ubapa, tandaza mizizi ielekee chini, ncha ya kukua ielekee mahali penye nafasi. Fukia mpaka usawa wa kitako cha majani, basi. Kitako kikizama sana huoza, na shina likiachwa wazi huelea. Nafasi kati ya kipande na kipande iwe sentimita 10 hadi 15. Tangi tulilolitaja linatosha vipande 6 hadi 8. Vibanie kwa vijiti vya mianzi vilivyokunjwa au vijiwe vidogo pande zote mbili. Usitumie waya wa shaba wala waya uliopakwa zinki, kwa maana metali zote mbili huwa sumu zikiyeyuka majini.

Miezi mitatu ya kwanza

Majani ya zamani yataoza. Hii ndiyo hatua inayowavunja watu moyo, wakang'oa mmea kuuangalia mizizi, na huko kuung'oa ndiko kunakouua. Acha mchanga. Ondoa majani yaliyokufa tu, kwa mkasi, kabla hayajarundikana. Ikiwa kitako ni kigumu na kijani, jani jipya litatoka; mmea uliotulia hutoa jani jipya kwenye kila chipukizi takriban kila siku 10.

Unataka uhakika? Toboa majani yote ya chipukizi moja kwa sindano nyembamba pale yanapotoka kwenye ala, ule mfuko unaofunika vitako vyake. Baada ya siku 10 pima umbali kati ya tundu la jani kuukuu zaidi, ambalo halikui tena, na matundu ya majani mengine. Umbali huo ndio ukuaji. Kama matundu yote bado yako sambamba, mmea umesimama, na ni wakati wa kuangalia mwanga na mchanga.

Matatizo na asili yake

Ncha za majani kuwa kahawia ni uzee, haidhuru. Mchanga kuwa wa kijivu au mweusi chini ya sentimita 2 au 3, ukiutazama kupitia kioo, ni kawaida pia. Hatari ni weusi huo kupanda hadi juu na utando mweupe wa bakteria kutanda kwenye uso wa mchanga. Fyonza uchafu wa juu kwa mpira wa maji, punguza chakula cha samaki, ongeza pampu usiku, na usichimbue mchanga, maana utaimwaga sumu yote kwenye maji kwa mpigo mmoja.

Majani yanayong'oka kwa kuguswa, kitako kikiwa cheupe na laini kama yamechemshwa: salfaidi imekwisha kufika. Chipukizi hilo limekufa, yaliyobaki yanaweza kuokolewa kwa hatua hizohizo.

Majani mapya ya manjano huashiria upungufu wa chuma. Weka chuma cha majimaji cha matangi ya bahari kwa nusu ya kipimo cha kwenye chupa na usubiri wiki mbili. Majani yenye manyoya ya mwani yanahitaji konokono walaji mwani na maji yanayotembea zaidi. Kuyasugua kwa vidole kunayachana. Dawa za samaki zenye shaba zisiingie kabisa kwenye tangi hili.

Wakazi wachaguliwe kwa makini. Tafi na pono hula majani, na tangi dogo halitafidia wanachokula. Samaki na kamba wachimbaji hufukua vipande vipya. Jongoo bahari mdogo ni mfanyakazi mzuri, ila tangi liwe na umri wa miezi sita angalau, la sivyo atakosa cha kula, na akifa huharibu maji.

Mbolea ya kuzika usiiguse kabla ya miezi mitatu kupita. Ncha za shina zinapofika kwenye kioo, baada ya mwaka au zaidi, usiziache zijikunje hapo: kata kipande chenye machipukizi manne nyuma ya ncha, ukipande kwenye sehemu tupu, na uache kidonda cha shina la mama kizikwe mchangani.