Chora mwezi kwa siku thelathini

Likizo iliyopita mdogo wangu alinijia na lalamiko ambalo nimelisikia kwa wanafunzi wengi wa sekondari: muda wa mapumziko anao, ila wote unaishia kwenye simu, na akilala hakumbuki hata alichokuwa anatazama. Nikampa daftari lisilo na mistari na penseli, nikamwambia atoke nje dakika 10 kila jioni auchore mwezi. Basi. Darubini sikumtajia, na programu ya nyota sikumwekea. Haya ndiyo niliyomwelekeza, na ningemwelekeza hivihivi mwanafunzi mwingine yeyote.

Anza siku ya pili au ya tatu baada ya mwezi kuandama. Jua likishatua, tazama upande wa magharibi, utauona mwembamba kama ukucha. Chagua mahali pamoja pa kusimama, na hapo ndipo usimame kila siku. Kwenye ukurasa chora duara ukitumia kizibo kilekile cha chupa, ili michoro yote ilingane, kisha tia kivuli sehemu isiyong'aa. Andika tarehe, saa, mwezi uko upande gani, na umepanda kiasi gani kutoka upeo wa macho. Kipimo unacho mkononi: ukinyoosha mkono na kukunja ngumi, upana wa ngumi ni takriban nyuzi 10 za anga, na upana wa kidole cha mwisho ni kama nyuzi 1. Mwezi wenyewe una nusu nyuzi tu. Jaribu siku unayouona mkubwa ajabu ukichomoza: kidole kile kidogo kitaufunika wote.

Usisahau saa, nakusihi. Daftari langu la kwanza, nilipokuwa sekondari, lina michoro 19 niliyoihangaikia sana, na hakuna hata mmoja wenye saa. Leo nilichora saa moja usiku, kesho saa tatu, kwa hiyo sikuweza kutofautisha mwezi uliosogea na dunia iliyozunguka. Kazi ya karibu wiki tatu ikawa haina la kuniambia, na iliniuma. Ukichora saa ileile utaliona jambo lenyewe: kila jioni mwezi umehamia mashariki kwa kama nyuzi 13, yaani ngumi moja na ziada kidogo. Ndiyo maana huchelewa kuchomoza kwa wastani wa dakika 50 kila siku.

Katika siku zile za mwanzo, tazama vizuri ile sehemu yenye giza. Haina giza kamili. Kuna mwanga hafifu wa kijivu unaoonyesha duara zima, kana kwamba ule ukucha umebeba mpira. Mwanga huo umetoka juani, ukagonga dunia yetu, ukaakisiwa hadi mwezini, ukarudi machoni pako. Mdogo wangu nilipomweleza hivyo alinyamaza muda mrefu, halafu akauchora upya.

Mwezi ukifika nusu, azima darubini ndogo ya mkononi kama kuna mtu anayo. Elekeza kwenye mstari unaotenga mwanga na giza. Pale jua linamulika kwa pembeni, vivuli vinakuwa virefu, na mashimo ya mwezi yanajitokeza waziwazi. Wengi husubiri mwezi mpevu wakidhani ndio bora kutazamwa, kumbe siku hiyo vivuli karibu vyote vimetoweka na uso unaonekana bapa. Baada ya mwezi mpevu hamishia zoezi alfajiri, maana usiku utachelewa kuchomoza. Mwanafunzi anayewahi kuamka ataukuta bado uko juu wakati anajiandaa kwenda shule.

Zile siku ambazo mwezi hauonekani jioni ndizo za nyota. Hapo kinachotakiwa ni subira ya macho. Yanahitaji dakika 20 hadi 30 kuzoea giza, na ukiwasha simu mara moja unaanza upya. Funika tochi kwa karatasi nyekundu ya kupitisha mwanga, kwa sababu mwanga mwekundu hafifu hauharibu mazoea hayo sana. Kisha tafuta Kilimia, lile fungu dogo la nyota zilizobanana. Ukilikazia macho linafifia. Ukitazama kando yake kidogo linang'aa zaidi. Katikati ya jicho ndipo tunaposomea maandishi, lakini seli zinazohisi mwanga hafifu zimejaa pembeni. Watu wengi huhesabu nyota 6. Andika idadi uliyoiona wewe, hata kama ni 4. Na kabla ya kutoka, waambie nyumbani uko wapi, au nenda na mwenzako.

Ukiona nuru kali isiyometameta, huenda ni sayari. Zuhura hung'aa kuliko nyota zote, na huonekana jioni au alfajiri. Mirihi ina wekundu. Ukiipata Mshtarii, egemeza ile darubini ya kuazima ukutani isitikisike, utaona vitone kandokando yake. Galileo, mwanasayansi wa Italia, aliviona Januari 1610, akawa anavichora usiku baada ya usiku hadi akatambua kuwa vinaizunguka sayari. Nawe unaweza kuvichora hivyohivyo. Ila jua usilielekezee darubini kamwe, hata kwa kufumba na kufumbua, linapofusha.

Wakati wa mitihani, au mawingu yakitanda, acha duara la siku hiyo tupu na uandike sababu. Usijaze kwa kukisia. Mdogo wangu ana maduara 7 matupu, na bado aliweza kuhesabu siku kutoka mwandamo mmoja hadi mwingine: akapata 29. Alikuwa amesoma kwamba ni 29 na nusu, akaja kuniuliza hiyo nusu imekwenda wapi. Nikamwambia achore mwezi wa pili. Safari hiyo akapata 30.