Usifue kitambaa cha paka unayemkabidhi

Kama imebidi umpeleke paka wako kwenye kituo cha kuokoa wanyama ili atafutiwe nyumba nyingine, piga simu mapema, maana vituo vingi hujaa. Beba kadi yake ya chanjo. Waambie ukweli wote: kama anakwaruza watoto au anakojoa nje ya sanduku lake la mchanga, sema. Ukificha atarudishwa, naye ndiye atakayeumia.

Halafu kile kitambaa anacholalia, tafadhali usikifue. Kifungashe hivyo hivyo na manyoya yake. Paka hutambua kwake kwa harufu, na usiku wa kwanza kizimbani hicho ndicho pekee anachokijua. Wangu alichomeka pua humo kabla sijafika mlangoni.