Tiketi yako imeandikwa JRO au ARK?

Wa Arusha, kabla hujapigia teksi soma zile herufi tatu kwenye tiketi. JRO ni KIA, uwanja wa ndege wa kimataifa wa Kilimanjaro, njia ya Moshi, kilomita 50 hivi kutoka mjini. ARK ni uwanja wa Arusha, ule wa Kisongo, njia ya Dodoma, hapo karibu tu. Ukienda siko, kugeuza gari ni kuvuka mji mzima, na ndege haina subira.

KIA hadi Dar angani ni kama kilomita 450, saa moja na ushee. Kwa basi kutoka Arusha ni zaidi ya 600, siku nzima! Ila hesabu muda kuanzia mlangoni kwako: foleni ya Tengeru na Usa River ikikolea, utakaa barabarani kuliko angani. Wa Moshi wakishapita Boma Ng'ombe, wamekaribia kufika KIA.